Saa Tisa ya Halfani

Simu iliita nikiwa nimepiga magoti mbele ya jiko, napuliza mkaa chini ya sufuria la maharage ya harusi. Jina likasoma Halfani. Nikajua kaka yangu amekaa kwenye treni, ana raha zake, anataka kunisimulia ulaini wa viti.

"Nimefika," akasema. "Mko wapi?"

"Umefika wapi?"

"Dodoma, Siku. Nimeshashuka. Nimesimama hapa nje ya stesheni, vumbi linaniingia mdomoni na sioni mtu."

Nikainua kichwa nikatafuta jua. Lilikuwa bado huko huko upande wa Ihumwa, halijavuka hata bati la jirani.

"Ulisema saa tisa na nusu."

"Na hii ni nini? Treni imeingia saa tisa na nusu kama nilivyosema."

"Hiyo ni saa tatu na nusu, Halfani. Saa tatu na nusu asubuhi. Watu hapa Nzuguni bado wanakunywa chai."

Nilisikia upepo kwenye simu yake, na mtu akinadi karanga. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Ndoa mmeiweka saa ngapi?"

"Baada ya swala ya ishaa."

"Ishaa mimi niko kwenye treni narudi. Meli inaondoka usiku huu huu, Siku."

Nikaliacha sufuria na maharage yake.

Lazima niseme huyu Halfani ni mtu gani, maana asiyemjua atadhani ni mlevi. Ni mtoto wa kwanza wa mama yetu, Bi Mwanahawa, na sisi ni Warangi wa Bereko, mji mdogo ulio juu ya kilima, kule ambako mwezi wa saba ukungu unaingia ndani bila hodi. Maji makubwa kuliko yote tuliyoyajua utotoni ni dimbwi la kunyweshea ng'ombe. Mtu wa mahali kama hapo ndiye aliyekwenda kuwa baharia. Alishuka Dar es Salaam na magunia ya viazi, viazi vikaisha, yeye akabaki. Akapata kuosha vyombo kwenye mgahawa nje ya geti la bandari. Siku moja mpishi wa meli fulani akaugua tumbo, wakatafuta mtu wa kukaanga samaki mpaka Beira na kurudi tu. Halfani akapanda. Hajashuka mpaka leo, ukiacha siku mojamoja kama hii. Na hajui kuogelea. Ukimuuliza anakwambia mpishi hahitaji kuogelea, anahitaji meli isizame.

Bahari haikumbadilisha sana. Bado ni mbishi, bado anakula ugali kwa mkono hata mbele ya nahodha. Kilichoharibika ni saa. Melini wanahesabu kuanzia usiku wa manane, na wanakwenda mpaka ishirini na nne. Kaka yangu ameishi na hesabu hiyo hadi imemwingia kwenye mifupa. Aliwahi kumwambia mama ampigie simu saa kumi na nane. Mama akakata simu, akatuambia Halfani ameanza kuchanganyikiwa, saa zenyewe ni kumi na mbili tu.

Sasa basi. Alimtumia mdogo wetu Khalidi ujumbe wa sauti: "Naingia Dodoma saa tisa na nusu, mambo yote yawe tayari, narudi na treni ya jioni." Khalidi alisikia kama Mswahili yeyote angesikia. Saa tisa na nusu alasiri. Akapiga hesabu ya barabara mpaka Bereko, akaiweka ndoa baada ya ishaa, na ile treni ya jioni akaiweka kesho yake. Mimi pia nilisikiliza ujumbe ule, na sikuona tatizo.

Na ndoa yenyewe si ya mtu baki. Ni ya Sabrina, binti yake wa mwisho, ambaye mama yake alitangulia mbele za haki akiwa bado anatambaa, akalelewa na bibi yake pale kilimani. Dada yake mkubwa, Amina, aliozeshwa na Khalidi, kwa wakala, Halfani akiwa baharini. Alikuwa kwenye simu, lakini ilikatika shehe akiwa katikati ya maneno, na ilipokuja kurudi watu walikuwa wanakula pilau. Sabrina wakati huo alikuwa wa shule ya msingi. Baba yake alimwambia, "Wewe nitakuozesha kwa mkono wangu. Sio kwa simu." Mtoto hakulisahau. Alipochumbiwa na Nurdini, fundi seremala wa Kondoa mjini, jambo pekee alilouliza ni meli ya baba itatia nanga Dar lini.

Nahodha alimpa siku moja, kwa masharti: kabla ya usiku wa manane awe melini. Asipokuwepo, kuna kijana wa Tanga aliyekwishapimwa na kupewa kofia ya jikoni. Na mtu wa umri wa Halfani akishaachwa na meli hakuna nyingine inayomwokota.

Nilimwita jirani yangu Gideoni. Ni Mgogo wa Kongwa, ana gari aina ya Probox la kubebea viazi na watu, chochote kitakachotangulia. Alikuwa analiosha.

"Da Siku, si tulikubaliana mchana?"

"Mchana umekuja asubuhi. Twende."

Tulimkuta Halfani nje ya ile stesheni mpya ya treni ya umeme, upande wa Mkonze, amevaa kanzu juu ya suruali ya jinzi, mfuko mmoja mgongoni, amenyoa ndevu vizuri. Alikuwa amenenepa kidogo na kuzeeka sana. Sikupata nafasi ya kulia. Nilimsukuma kiti cha mbele, na tulipofika Msalato ndipo nilipokumbuka kumsalimia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Tutafika saa ngapi?"

"Kwa saa zipi?" akauliza Gideoni, na mimi nikacheka peke yangu.

Hesabu ilikuwa mbaya. Kwenda Bereko ni zaidi ya saa tatu ukiwa na bahati. Kurudi, vilevile. Ukitoa hayo kwenye mchana wote, kinachobaki cha kukaa kilimani hakitoshi hata kuivisha wali. Na barabara ile ni nzuri, ila kila kijiji lazima upunguze mwendo, na kwenye kona kuna askari na tochi yao ya kupimia. Magari yanayokuja yalitupigia taa, Gideoni anapunguza, tunapita mbele ya askari kama watu wanaokwenda kwenye maziko, tukivuka anakanyaga tena. Alizeti zilikuwa zimekauka mashambani, vichwa chini. Halfani hakuziangalia. Aliangalia saa ya mkononi, anageuza midomo, anahesabu.

"Vua hiyo saa," nikamwambia.

"Ya nini?"

"Ndiyo iliyotufikisha hapa. Lete."

Aliivua bila ubishi, na hapo ndipo nilipojua ameogopa. Nikaifunga kwenye pindo la khanga.

Tulianza kupiga simu. Tulipokaribia Chemba nikampata Khalidi. Nilipomweleza alisema, "Subhanallah," kisha akasema jambo la busara, na ndilo lililonikera: "Dada, mbona rahisi? Kaka aje amsalimie mama, ale, anipe wakala, awahi treni yake. Sisi tutaendelea na ishaa kama tulivyopanga. Wageni wameshaalikwa."

Halfani alisikia, simu ilikuwa na sauti kubwa. Akapapasa mkono uliovuliwa saa.

Kutoka Kolo barabara inapanda kwa kona, kona juu ya kona, na gari la Gideoni lilianza kulia. Hewa ikageuka baridi. Ghafla ukungu, kisha mikaratusi, kisha mabati ya Bereko, na watu wamejitanda mashuka mabegani saa saba mchana. Halfani alishusha kioo akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya mlango. Aliinuka peke yake, jambo ambalo siku hizi halifanyi. Akamshika uso kwa mikono miwili, akampapasa mashavu.

"Karibu mwanangu. Ugali wa uwele uko tayari, na mlenda."

"Mama, sikai."

"Kwani nimesema ukae? Nimesema ule."

Alikula matonge mawili akiwa amesimama. Khalidi akatokea na koti lake la sherehe, kalamu mfukoni, maana kila harusi pale kilimani yeye ndiye msemaji. Si mtu mbaya Khalidi. Ndiye aliyebaki. Ndiye aliyempeleka mama hospitali, aliyemlipia Sabrina ada, aliyepokea posa. Wakati mwingine tunasahau kumshukuru, na yeye hasahau kutukumbusha.

"Kaka, shehe yuko shambani anachimba viazi," akasema. "Bwana harusi yuko Kondoa. Mashahidi hawajafika. Nguo za bibi harusi zinakuja jioni. Unataka nifanye nini, nipige firimbi?"

"Mtafute shehe."

"Nipe wakala tu. Hakuna atakayekulaumu."

"Mtafute shehe, Khalidi."

Shehe alikuja na buti za mpira zenye udongo mpaka magotini, akanawa, akaomba koti la mtu. Tukaingia chumbani alimokuwa Sabrina. Alikuwa amekaa kitandani, mkono wa kulia umechorwa hina mpaka kwenye kiwiko, wa kushoto mweupe kabisa. Mchoraji alikuwa amesimama kando na koni yake ya hina, hajui aendelee au akimbie.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Wakatazamana. Hawajaonana tangu yule mtoto akiwa mfupi kuliko meza.

Khalidi akaanza, kwa sauti ya mikutanoni, kueleza kuwa kumetokea hitilafu ya saa, kwamba baba hana muda, na njia nyepesi ni ile ya wakala. Shehe akamuuliza Sabrina kama ameridhia kuozwa kwa Nurdini, kwa mahari ya msahafu na mtamba mmoja.

Sabrina hakujibu. Aliuangalia ule mkono mweupe.

"Amenyamaza," Khalidi akasema. "Kwa mwari, kimya ni ridhaa. Si ndivyo, shehe?"

"Ndivyo tulivyosoma," shehe akajibu, lakini naye alikuwa anamtazama msichana.

"Hapana," Halfani akasema. "Hicho si kimya cha kukubali. Hicho nakijua. Nimekisikia kwenye simu mara nyingi, mtu yuko pale pale lakini amekuacha." Akachuchumaa mbele ya kitanda. "Sema, mama. Hata kama ni la kunitukana."

Sabrina akainua macho. "Ulisema saa tisa, baba. Saa tisa gani? Ya kwako au ya kwetu?"

"Ya kwangu. Nilikosea."

"Nimekaa naisubiri ya kwetu. Nilitaka uingie nimeshapambwa."

Nje Gideoni alikuwa anajaza maji kwenye rejeta, nikasikia kifuniko kinagonga.

"Nimemridhia Nurdini," Sabrina akasema. "Hilo andikeni. Ila ruhusa nampa baba. Baba mdogo anisamehe, amenilea, namheshimu. Lakini kama mkono utakuwa wa mwingine, niacheni nikae hapa hapa mpaka meli irudi."

Khalidi alitazama viatu vyake. Nilidhani atakasirika. Akatoa simu mfukoni, akampigia Nurdini.

"Uko wapi?"

"Kwa kinyozi, baba."

"Toka."

"Nimenyolewa upande mmoja, baba."

"Vaa kofia. Panda pikipiki na shahidi wako. Tukutane msikiti wa njia panda, chini ya mlima. Sasa hivi, Nurdini. Umenielewa? Njia panda—" na mtandao ukakatika. Kilimani kule mtandao ukikatika umekatika. Alijaribu tena na tena, akapata yule mwanamke wa kampuni anayesema mtumiaji hapatikani.

"Alisikia?" nikauliza.

"Alisikia njia panda," Khalidi akasema. "Nadhani."

Mama alimwekea Halfani ugali uliobaki kwenye kitambaa, akaufunga mafundo mawili. Hakumwombea dua ndefu. Akamwambia, "Nenda, usimwangushe mtoto." Sabrina alisimama mlangoni, ule mkono wa hina ameuinua usiguse kitu. Baba yake alimgusa kichwani, akaingia garini.

Tukashuka: Gideoni, Halfani mbele, nyuma mimi na Khalidi na shehe katikati yetu na udongo wake. Ukungu ulikuwa umejaa kwenye kona. Lori la viazi lilitupita likipanda, na nyuma yake pikipiki moja au mbili, taa tu, huwezi kujua ni nani. Halfani alikuwa amegeuka kiti kizima akitafuta sura kwenye kila chombo kinachopanda.

"Gideoni, kimbia."

"Nikikimbia hapa, bwana baharia, ndoa itafungwa akhera. Na mimi huko nina mlango wangu, tutapotezana."

Msikiti wa njia panda ni mdogo, umepakwa kijani, una mti mmoja wa mwarobaini. Tulipofika hapakuwa na mtu ila mzee wa kufagia. Hakuna pikipiki. Hakuna Nurdini.

Tulisubiri. Shehe alitawadha. Khalidi alitawadha. Halfani alitawadha, akatoka na miguu mibichi akasimama ukingoni mwa lami, anatazama upande wa Kondoa. Kila pikipiki iliyotokea ilibeba mkaa au mama na mtoto. Mimi nilikuwa na saa yake kwenye khanga, nikawa naichungulia kwa siri, naibadilisha kichwani kuwa saa ya watu, na kila nikichungulia nasema laiti nisingechungulia.

Gideoni akanisogelea. "Da Siku, mwambie. Tukichelewa zaidi ya hapa, mimi siahidi tena treni."

Nikamwambia. Khalidi naye akasogea, safari hii bila ile sauti ya mikutano. "Kaka. Umefika, amekuona, mama amekuona. Mtoto atafahamu baadaye. Ukikosa meli utarudi hapa kufanya nini? Kuchimba viazi na sisi? Nipe wakala. Nakuomba."

Halfani hakugeuka. Mabega yake yalipanda yakashuka. Niliona kinywa kinafunguka, na nikajua kilichomo, na sikumlaumu. Meli ndiyo iliyotulisha sote, Khalidi na koti lake pamoja.

"Gideoni," akasema, "zima gari."

"Nizime?"

"Zima. Linatumia mafuta bure." Akakaa chini, kwenye jiwe, na kanzu yake nyeupe. "Nilimwambia mkono wangu. Kijana wa Tanga anajua kupika. Atawapikia."

Gideoni akazima. Baada ya mngurumo wa mchana kutwa, masikio yalibaki matupu.

Na kwa sababu gari lilikuwa limezimwa, tulisikia pikipiki kabla ya kuiona. Haikutoka Kondoa. Ilitoka juu, inateremka kona kwa fujo, injini imezimwa na breki zinalia. Kijana mmoja anaendesha, mwingine nyuma ameshika kofia kichwani kwa mikono miwili.

"Shikamooni," Nurdini akasema akishuka, meno yanagongana kwa baridi. "Nisameheni. Nilisikia 'mlima'. Nikapanda mpaka nyumbani."

"Tumepishana," nikasema. "Wewe ndiye uliyekuwa nyuma ya lori."

"Sabrina ndiye aliyenifukuza. Amesema, umefuata nini huku, anayekuoza yuko chini. Hata maji hakunipa."

"Ndiye utakayeishi naye huyo," Khalidi akamwambia. "Ingia."

Wakaingia, mimi nikabaki mlangoni upande wa viatu. Wakakaa magoti kwa magoti, Halfani na Nurdini, shehe pembeni, Khalidi shahidi mmoja, rafiki wa Nurdini akawa wa pili. Shehe akasafisha koo akaanza khutba. Akaanza na kuumbwa kwa Adamu.

"Shehe," nikasema kutoka mlangoni, "treni haimjui Adamu."

"Sikudhani," akaniita kwa jina langu zima bila kugeuka, "hata khutba ya harusi yako uliikatisha wewe." Lakini akaruka karne kadhaa.

Ndipo Halfani akatoa mkono wa kulia. Mkono wa mpishi, una makovu ya mafuta mpaka kwenye kiwiko, kidole kimoja kimepinda kwa mlango wa jokofu la meli. Nurdini akaupokea. Kofia ilimteleza, tukaona upande mmoja wa kichwa umenyolewa unang'aa na upande wa pili msitu, na hakuna aliyecheka. Halfani akasema maneno yale, polepole, neno moja moja: kwamba amemuoza binti yake Sabrina kwa mahari waliyoafikiana. Nurdini akajibu kuwa amekubali. Shehe akasema amin.

Kwisha. Muda wa kuchemsha chai.

Lakini Halfani hakuachia. Sisi tuliokuwa tunalilia dakika, wote tukabaki tunamtazama kaka ameshika mkono wa kijana wa watu kama amepewa kamba na hajui mwisho wake uko wapi. Alikuwa anamwambia kitu kwa sauti ndogo. Sikukisikia, na Nurdini mpaka leo hajakisema.

"Kaka," Khalidi akasema mwishowe, "mwachie. Atakuwepo."

Tukawaacha pale: shehe, Khalidi, bwana harusi na kofia yake. Khalidi alifunga mlango wa gari kwa upande wa Halfani, akainama dirishani. "Mimi nimeshuhudia," akasema. "Nitamwambia mama kila neno." Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifurahi kuwa wa pili.

Siwezi kusema mengi kuhusu kurudi. Gideoni aliacha mizaha, na Gideoni akiacha mizaha ni hatari. Chemba tulipita jua limeelekea kushuka. Mbele ya Chemba ng'ombe walifunga barabara, kundi zima, mchungaji anatembea kama aliyekodi siku nzima. Gideoni alishuka akamsalimia kwa Kigogo, kwa heshima zote, akasaidia kuwaswaga kwa shati lake. Halfani aliufungua ugali wa mama akawa anaumega bila kutafuna vizuri, akinimegea na mimi nyuma. Msalato foleni ya malori. Mjini foleni ya watu wa ofisi. Gideoni akajua njia za nyuma ya nyumba za watu, tukapita kwenye kamba za nguo.

Stesheni mpya ile ina mlango mkubwa wa vioo, na kabla treni haijaondoka wanafunga ukaguzi. Tulisikia tangazo tukiwa bado kwenye maegesho. Halfani alifungua mlango gari likiwa halijasimama. Nilimwona akikunja kanzu mpaka magotini, jinzi nje, mtu mzima mwenye kitambi, anakimbia. Askari mlangoni akainua mkono kumzuia. Halfani akaonyesha tiketi. Askari akatazama tiketi, akatazama saa ya ukutani, akamtazama huyu mtu aliyejaa vumbi la Kondoa yote na udongo wa buti za shehe kwenye kanzu.

Akamwambia kitu. Halfani akapita. Hakugeuka kupunga mkono, na angegeuka ningemtukana.

Tulikaa garini mimi na Gideoni mpaka treni ikatoka, haina moshi wala kelele, inateleza tu kama haikubeba mtu.

"Unadhani amepanda?" Gideoni akauliza.

"Sijui."

"Sasa tunafanya nini?"

"Maharage yangu yameungua. Nipeleke nyumbani nikayazike. Alfajiri tunapanda Bereko na masufuria, karamu ni kesho."

Nikafungua pindo la khanga kutafuta funguo, saa yake ikanidondokea mapajani. Nimekwenda nayo mchana kutwa, nikaja nayo mpaka mlangoni pa treni, nikasahau kumrudishia. Ina sekunde, ina tarehe, ina kila kitu.

Alfajiri, tukiwa tumekwishapita Msalato na masufuria yanagongana nyuma, simu ikatikisika. Ujumbe. Nikamwambia Gideoni aangalie barabara, nikausoma kwa sauti.

"Siku, saa yangu umeondoka nayo. Nilipofika bandarini nikamuuliza askari wa getini saa ngapi. Akasema saa tano kasoro. Nikasimama palepale nahesabu. Ni saa zenu, usiku wa manane bado. Nimewahi. Mpe saa hiyo Sabrina, mwambie airudishe nyuma saa sita, ifuate saa zenu."